Baiskeli ya Mtu Mzito

Ubao wa kizingitini haukuwa umelia kwa miaka mitatu. Wateja waliingia na kutoka, wembamba kwa wanene, na ubao ukawavumilia kimya. Aliyeweza kuufanya ulie alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kaburini.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi ubao ulipotoa mlio wake mrefu, Fundi, aliyekuwa amechuchumaa akikaza spoku za gurudumu la nyuma, aliganda spana ikiwa mkononi. Vinyweleo vilimsimama. Kwa muda wa pumzi mbili hivi hakuthubutu kuinua uso. Alijua akiuinua atamwona mumewe, au hatamwona, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lingemwumiza zaidi.

"Hodi," sauti ikasema. Haikuwa ya mumewe.

Mlangoni alisimama mwanamume mpana, mrefu, ameinamisha kichwa kama anayeuomba mlango radhi kwa kuupita. Alivaa shati la buluu la kazi, na viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la mlimani. Kwanza alitazama juu, kwenye kona ambapo baiskeli moja ilining'inia darini ikiwa imefunikwa turubai, kisha ndipo akamtazama mwenye karakana na kumsalimu. Alisema yeye ni nesi wa zahanati ya huko juu. Huwazungukia wagonjwa wake nyumba kwa nyumba, kupanda na kushuka, na sasa magoti yameanza kumsema. Anataka baiskeli ya umeme. Akanyoosha kidole kwenye iliyokuwa karibu naye, ya kijivu, nyembamba, iliyosimama kama swala aliyesikia kitu.

"Hiyo hapana," Fundi akasema, kabla hata ya kufikiri.

Nesi akashangaa. Fundi naye akajishangaa, akajifuta mafuta mikononi na kuanza kumweleza taratibu, kama alivyowaeleza watu mamia. Baiskeli za umeme za mlimani ni za aina mbili. Kuna hizi nyepesi, kilo kumi na nane hivi, mota ndogo, betri ndogo, breki ndogo. Ukikuta gogo njiani unaiinua kwa mkono mmoja na kuendelea na safari. Kwa mtu wa kilo sitini ni asali. Halafu kuna zile za nguvu kamili, kilo ishirini na tano, mota inayokusukuma mlimani kama una watu watatu nyuma yako, betri karibu mara mbili ya ile, na breki zenye diski pana kama sahani.

"Wewe una kilo ngapi?" akamuuliza.

"Mia na kumi na tano. Nikila vizuri."

"Na mkoba?"

"Dawa na kijisanduku cha chanjo. Kumi na mbili."

"Na baiskeli yenyewe kumi na nane. Jumla mia na arobaini na tano. Kikomo chake ni mia na ishirini."

"Nilidhani kikomo ni cha mtu peke yake."

"Kila mtu hudhani hivyo," Fundi akasema, na sauti yake ikakatika mwishoni kama uzi.

Nesi hakununua kitu siku ile. Aliaga, na alipokwenda, Fundi alibaki akiutazama ule ubao kana kwamba umemsengenya.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Kila mara alikuja na swali jipya, leo chaji inadumu saa ngapi, leo tairi za kupita matopeni zikoje, na kila mara mwisho wa maswali kidole kiliishia kwenye ile ya kijivu. Alikuwa na hoja zake. Betri ikimwishia porini, nani atasukuma kilo ishirini na tano? Na watu watamwonaje, mzigo umebebwa na mzigo? Huko juu tayari wanamwita Kilima. Akipanda ile nyepesi, alisema, angalau kwa mbali ataonekana mwanamichezo.

Fundi alimjibu kwamba betri ndogo ikibeba mtu mkubwa ndiyo inayoisha porini. Mota ndogo ikibeba mtu mkubwa inapata joto, inajipunguzia nguvu yenyewe, inamwacha mwenyewe katikati ya mlima akitweta. Kuhusu kuonekana, alisema, watu wazito ndio wanaoheshimiwa, aulize popote. Nesi akacheka. Kicheko chake kilikuwa kizito na cha polepole, kikajaza karakana hadi kwenye makopo ya nati na bolti, na Fundi akagundua kwamba alikuwa amesahau jinsi chumba kile kinavyosikika kikiwa na mtu anayecheka.

Jumamosi ya nne alimpandisha kwenye baiskeli ya nguvu kamili ili ampimie shokapu. Kazi hiyo haina njia nyingine. Mpandaji hukaa juu miguu ikiwa kwenye pedali, na fundi hupiga magoti kando yake kutazama shokapu imezama kiasi gani chini ya uzito wake, kisha huongeza hewa kidogo kidogo. Nesi alihitaji pa kujishikilia, na pa karibu palikuwa bega la Fundi. Akaliwekea mkono kwa woga, kama anayepima homa ya mtoto aliyelala.

Hakuna mkono uliokuwa umegusa bega lile tangu siku ya mazishi. Fundi aliongeza hewa, akasoma kipimo, akakisahau, akakisoma tena. Alipoinua uso wakakutana macho, na katika macho ya yule mtu aliona tamaa, ndiyo, lakini nyuma yake aliona kitu kingine kilichomtisha. Aliona majonzi yanayomhusu yeye.

"Shuka," akamwambia kwa upole. "Nimeshapata kipimo chako."

Siku hiyo jioni mama mkwe wake alimwita chumba cha nyuma. Fundi hakuwahi kuondoka kwa mama yule baada ya msiba, na mama hakuwahi kumwambia aondoke. Mmoja alitengeneza baiskeli, mwingine alishona vifuniko vya viti vya baiskeli hizo, na ukuta mwembamba wa mbao ulisimama katikati yao.

"Huyo mtu haji kwa ajili ya baiskeli," mama akasema bila kuacha kushona.

"Mama, ni mteja."

"Mteja huangalia bei. Huyu anaangalia turubai. Kila akiingia, macho juu kwanza, salamu baadaye. Anaingia kama mtu anayeingia nyumba ya msiba." Akakata uzi kwa meno. "Sikukatazi kuolewa, mwanangu. Wewe bado damu inachemka. Lakini hatua zake ni hatua za mwanangu. Mimi nakaa nyuma ya ukuta huu, nazisikia, na moyo wangu unanyanyuka kwenda kumpokea. Halafu unakumbuka. Kila Jumamosi unakumbuka upya. Usinifanyie hivyo."

Moyo wa Fundi nao ulikuwa unafanya hivyo hivyo.

Akaamua kulimaliza jambo. Jumamosi ya tano Nesi aliposhika tena wimbo wake wa ile ya kijivu, Fundi alimwambia vema, leo utaipanda. Hawakwenda mlimani. Walikwenda kwenye kilima cha nyuma ya mji, mahali pa mbuzi na minara ya simu, yeye juu ya ile nzito na Nesi juu ya ile nyepesi, na mkoba wake wa dawa mgongoni kama siku za kazi.

Kupanda peke yake kulitosha kumfundisha. Kufika nusu, mota ya ile nyepesi ilikwishachemka na kupunguza nguvu, na Nesi alikuwa amelowa kama aliyetolewa mtoni. Fundi, mwanamke mdogo juu ya mashine kubwa, alimpita akiwa hata hajafungua kinywa kuhema. Kileleni walipumzika, wakacheka, wakanywa maji chupa moja. Pengine ingalikwisha hapo kwa furaha. Lakini aliyepanda lazima ashuke.

Nesi alitangulia. Njia ilikuwa ndefu, ya kokoto, yenye mteremko usiokoma. Fundi akiwa nyuma aliona bega la yule mtu, upana wake, shati likipepea, na ghafla hakujua ni mwaka gani. Kisha upepo ukamletea harufu. Harufu kavu, chungu, ya pedi za breki zinazoungua.

Akapiga kelele. Hakuita "Nesi." Aliita jina la mumewe.

Nesi aliminya breki hadi ukomo, na breki zikawa laini mikononi mwake kama mkate uliolowa. Akaitupa baiskeli pembeni kwenye majani, akaanguka nayo, akabiringika mara mbili, akaketi. Alikuwa mzima. Amechubuka kiwiko tu. Fundi alimpita mbio, akaenda kupiga magoti mbele ya lile gurudumu. Diski ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kama mgongo wa inzi. Tone la maji kutoka kwenye chupa liliidondokea, likatoa sauti na kutoweka.

Hapo maneno yakamtoka, yote, akiwa ameipa mgongo dunia. Akasema mumewe alikuwa na kilo mia na kumi na mbili, na watu wote walimwita Kifaru, na alikuwa amechoka kuitwa hivyo. Aliitaka nyepesi. Aliitaka kama mtoto anavyotaka kitu.

"Nilipiga hesabu," Fundi akasema. "Siku ile ile. Kilo kwa kilo, nikijua kabisa. Nikafungua kinywa kumwambia, nikaona jinsi alivyokuwa anajitazama kwenye kioo cha dirisha akiwa juu yake. Nikanyamaza. Mimi ni fundi, na nikanyamaza. Breki zilimwungulia kwenye kona ya mlimani na mimi ndiye niliyezifunga kwa mikono hii."

Mbuzi mmoja alilia, akanyamaza.

"Najua," Nesi akasema. "Najua iliyo chini ya turubai. Niliiona diski yake."

Fundi akageuka polepole.

"Mimi ndiye niliyemfikia kwanza. Zahanati haiko mbali na ile kona. Nilisikia, nikakimbia. Nilikuwa naye mpaka mwisho."

Kisha Fundi akasimama, na alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini na tulivu mno.

"Wiki tano umekaa kwenye benchi langu. Umekunywa chai yangu. Umeniwekea mkono begani."

"Nilikuja kukuambia. Siku ile ya kwanza nilikuja kwa hilo tu. Ukainua uso, maneno yakanikauka mdomoni, nikanyoosha kidole kwenye kitu kilichokuwa karibu."

"Na wiki ya pili? Na ya tatu? Kidole kilikuwa kimeganda?"

"Hapana." Nesi alitazama kiwiko chake kilichokuwa kinavuja damu. "Ulikuwa unanikataza. Nimezoea watu kunicheka au kunihurumia. Hakuna aliyewahi kunikataza kitu kwa uchungu ule. Nikataka kukatazwa tena."

"Ulikuwa unanipima kama nitakuuzia kifo."

"La. Haki ya Mungu, la."

Lakini Fundi alikuwa amekwishaziinua baiskeli zote mbili. Nesi alinyoosha mkono kumsaidia, akamwambia asizishike. Akashuka kilima akiziburuta, moja kila upande, na hakugeuka nyuma.

Wiki mbili zikapita. Nesi hakuja, na hilo lilimkasirisha Fundi kuliko kama angekuja. Alikaza bolti mpaka zikakatika vichwa. Alijikuta Jumamosi asubuhi amesimama katikati ya karakana bila kazi yoyote mkononi, akisikiliza. Na ajabu ni hii, hakujua tena anamsikiliza nani. Zamani, akifumba macho, alimwona marehemu. Sasa alimwona marehemu amelala njiani na mtu mpana wa shati la buluu amepiga magoti kando yake. Hakuweza kumwona mmoja bila mwingine.

Alasiri ya Jumapili aliingia chumba cha nyuma, akakaa chini mkekani, akamwambia mama mkwe wake kila kitu. Hesabu ya kilo. Ukimya wake. Mteremko, breki, Nesi. Alitazamia kufukuzwa, na alikwisha kuazimia kwamba akifukuzwa ataondoka bila neno.

Sindano ya mama ilisimama.

"Siku moja kabla hajaichukua ile nyepesi alikuja hapa," mama akasema. "Alikaa hapo hapo ulipokaa. Akaniuliza, 'Mama, naona mke wangu anaipenda ile nzito ingawa hasemi, wewe unaonaje?' Nikamcheka. Nikamwambia, ukiipanda ile utaonekana lori juu ya lori. Chukua nyepesi, ndugu zako waache kukucheka." Akaiweka sindano kwenye kitambaa kwa uangalifu. "Miaka mitatu nakutazama unavyokula, najiuliza kama alikuambia neno hilo. Nikaona hukai na mimi kwa mapenzi. Unakaa ili siku moja uniulize."

"Nilidhani wewe ndiye unayesubiri kuniuliza mimi."

Mama akamtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, akamvuta kichwa, akakiweka mapajani pake, na wanawake wale wawili wakalia kilio ambacho siku ile ya kwanza kila mmoja alikililia peke yake.

Walipotulia, mama alisema mpelekee huyo mtu baiskeli. Ile nzito. "Ukifika, muulize mwanangu alisema nini."

"Utaweza kulisikia jibu, Mama?"

"Nimeweza kukaa bila jibu. Hilo ndilo limenizeesha."

Fundi alifanya kazi siku mbili. Aliweka diski pana kuliko zote alizokuwa nazo, pedi mpya, na rimu nene zenye spoku nyingi zaidi. Alipofika kwenye shokapu hakuhitaji kumwita mwenyewe aje kupimwa. Kipimo chake alikuwa nacho kichwani.

Asubuhi ya Jumatano aliipanda baiskeli ile mwenyewe hadi mlimani, njia ambayo hakuwahi kuikanyaga tangu msiba. Mota ilinguruma chini yake kwa uvumilivu. Alipofika kwenye ile kona alishuka. Hapakuwa na kitu. Majani, jiwe, tope jekundu, ndege mmoja mwenye kelele. Alikuwa ameiota kona ile usiku kwa usiku, ikiwa na giza na mdomo, na kumbe ilikuwa kona tu. Akapanda tena baiskeli, akaendelea.

Nesi alikuwa nje ya zahanati akianika mashuka. Alimwona, akaona baiskeli, na shuka likamponyoka.

"Sikuja kusamehe wala kusamehewa," Fundi akasema. "Nimetumwa na mama. Anauliza mwanawe alisema nini."

Nesi aliliokota shuka, akalikunja, akalikunjua. Kisha akaketi ngazini.

"Kwanza aliuliza baiskeli imeumia kiasi gani. Nikamwambia gurudumu la mbele limepinda. Akasema, 'Mke wangu atanigombeza. Halafu atalinyoosha.' Alitabasamu alipolisema hilo."

Fundi alijiziba mdomo. Kilichotoka kilianza kama kicheko na hakikuishia kicheko. Nesi alingoja.

"Na baadaye?"

"Baadaye alimtaja mama yake. Akasema, 'Mama yangu hapendi habari za kwenye simu. Aende mtu.' Akanishika mkono, akasema, 'Nenda wewe.'" Nesi akalikunja shuka tena. "Sikwenda. Ndani kulikuwa na mama mmoja anajifungua, mimi niko peke yangu. Nikamtuma askari. Yule mama alijifungua salama, na watu walinisifu. Lakini yeye aliniambia niende mimi. Kila mwaka nilisema nitakwenda. Kila mwaka ulipita na nikaona nimechelewa mno. Jumamosi ile ndiyo nilipata miguu ya kufika, na nikafika nikaomba baiskeli."

Fundi alimtazama mtu yule, upana wake wote ngazini, mikono mikubwa isiyojua pa kwenda, na hasira yake aliitafuta asiione. Alimwona mtu aliyekaa chini na mumewe katika saa ambayo yeye hakuwepo. Akakaa kando yake. Baada ya muda aliutwaa mkono wake, ule ambao marehemu aliushika mwisho, akaushikilia kwa mikono yake miwili.

"Zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Mchana."

"Nitasubiri."

Mchana waliteremka kwa miguu, baiskeli ikiwa katikati yao, mkono wa kila mmoja upande wake wa usukani. Kwenye kona Nesi alimwonyesha mahali penyewe. Hawakusema mengi. Fundi akamwambia panda, nishukie mpaka kule chini, nataka kukuona. Nesi alisita, akapanda. Aliteremka polepole na mzigo wake wote, akapotea nyuma ya miti, na Fundi akabaki akisikiliza kimya kile kinachorefuka. Kisha akasikia mota ikinguruma. Kilima alikuwa anapanda kurudi, ametabasamu kwa aibu, na alipomfikia, Fundi alimbusu papo hapo katikati ya njia. Alilia akimbusu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa mapajani, walipoingia chumba cha nyuma. Alizisikia hatua tangu nje, na safari hii hakuziba masikio. Nesi aliinama mpaka chini.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimetumwa na mwanao. Nimechelewa."

Mama alimtazama kuanzia viatu vyenye tope hadi usoni. Akaukusanya ushonaji wake, akauondoa kwenye kiti cha pili.

"Marahaba, baba. Kaa," akasema. "Anza mwanzo, na usiniruke hata neno moja."